Je, aliyekuwa mtumwa jana anaweza kutunga sheria leo?

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, natokea Tanga, na huu ni mwaka wa nne tunaishi Columbia, South Carolina. Kijana wangu wa darasa la nane alirudi na kazi ya shule yenye picha ya zamani: nyuso ndogo ndogo za wanaume, wengi wao weusi, zimepangwa kwenye karatasi moja. Wanasema ni wabunge wa jimbo hili baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kwamba baadhi yao miaka mitatu tu kabla walikuwa watumwa. Nilifurahi sana. Kazini nikamsimulia mzee mmoja, ni mtu mwema tu, akacheka. Akasema wale hawakujua hata kusoma, waliifilisi South Carolina, walikuwa wakiburutwa na wazungu wa Kaskazini kama mbuzi wa kamba, na ndiyo maana wenyeji wakawaondoa. Sasa mwanangu ananiuliza nani mkweli. Nami, nisikufiche, moyoni najiuliza: mtu aliyekaa utumwani maisha yake yote atajulia wapi kutunga sheria? Sitaki kumdanganya mtoto. Naomba unieleweshe."

Marahaba, mama. Nimelisoma swali lako mara mbili, kwa sababu ni maswali mawili yaliyovaa kanzu moja. Kuna la mzee wa kazini, la wizi na ujinga na vibaraka. Halafu kuna lako mwenyewe, uliloliuliza kwa aibu kidogo, na hilo ndilo nitakaa nalo zaidi. Aibu uiondoe. Ni swali la haki, na wanahistoria wametumia miaka mingi kulijibu.

Huyo mzee usimwone mwongo. Hayo aliyokwambia yalifundishwa madarasani Marekani kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1915 ilitoka filamu isiyo na sauti iliyowaonyesha wabunge weusi wa South Carolina wakiweka miguu mitupu juu ya meza, wakinywa pombe na kutafuna kuku katikati ya kikao, na filamu hiyo ilionyeshwa hadi Ikulu ya Washington. Hata picha aliyoleta mwanao ina mambo yake. Nyuso zile, zaidi ya sitini, zilipigwa moja moja kisha zikaunganishwa kwenye karatasi moja, na wapinzani wao wakaisambaza ili watu wacheke, au waogope. Leo watoto wanaitazama kwa fahari. Karatasi ni ile ile.

Kabla sijaendelea, nisahihishe jambo dogo: si wote kwenye uongozi ule walikuwa wametoka utumwani. Francis Cardozo, katibu wa jimbo kuanzia 1868, alizaliwa huru mjini Charleston na akasoma Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskochi. Jonathan Jasper Wright, aliyeingia Mahakama Kuu ya jimbo mwaka 1870, alikuwa mwanasheria kutoka Pennsylvania. Ila wengi walikuwa watumwa kweli, na ukiwachukua majimbo yote ya Kusini pamoja, wanaume weusi zaidi ya 600 walikaa katika mabunge ya majimbo katika kipindi hicho kinachoitwa Ujenzi Mpya. South Carolina ndilo jimbo pekee ambalo weusi walikuwa wengi kuliko wazungu katika baraza la wawakilishi.

Walifikaje? Nadhani jambo hili linakushangaza kwa sababu unalipima kwa uhuru wa kwetu. Unguja na Pemba, amri ya 1897 ya kufuta utumwa ilimlipa fidia bwana, mtumwa akatakiwa aende mwenyewe kudai uhuru wake, na habari ya kura haikuwamo kabisa. Marekani njia ilipinda upande mwingine. Vita vya Kaskazini na Kusini vilikwisha Aprili 1865, Kusini ya mabwana wa watumwa ikashindwa, na Desemba mwaka huo katiba ikapiga marufuku utumwa. Lakini mabunge ya Kusini yalirudi mikononi mwa watu wale wale waliokuwa mabwana, nao wakatunga sheria maalumu za watu weusi. Hapo South Carolina, mtu mweusi aliyetaka kufanya kazi yoyote isiyo ya shamba au utumishi wa nyumbani, tuseme ufundi au duka, alipaswa kupata kibali cha mahakama na kulipia kila mwaka. Mikataba ya kazi ikaendelea kuwaita mwajiri "bwana" na mfanyakazi "mtumishi". Watu wa Kaskazini waliozika wana wao vitani wakauliza: sasa tulipigania nini? Machi 1867 Bunge la Marekani likaiweka Kusini chini ya jeshi na kuamuru kila jimbo liandike katiba mpya, na wanaume weusi wapige kura ya kuwachagua waandishi wake.

Kilichofuata ni hesabu tu. Sensa ya 1870 inaonyesha kwamba karibu watu 6 katika kila 10 wa South Carolina walikuwa weusi, kwa sababu jimbo lile lilijengwa juu ya mashamba ya mpunga na pamba. (Pamba ya Kusini, mama, ndiyo iliyofumwa viwandani Massachusetts na kuletwa pwani yetu kwa jahazi na meli, tukaiita merikani. Bibi zetu waliivaa bila kujua nani aliichuma.) Katika uandikishaji wa 1867 walijiandikisha weusi zaidi ya 80,000 na wazungu kama 46,000. Mkutano wa katiba ulipofunguliwa Charleston Januari 1868, wengi wa wajumbe walikuwa weusi. Aliyeona hilo kama muujiza au njama hakuwahi kuhesabu watu waliomzunguka.

Sasa swali lako. Anajulia wapi?

Nikupe mtu mmoja, kwa sababu ukimwelewa yeye umewaelewa wengi. Robert Smalls alizaliwa mtumwa mjini Beaufort mwaka 1839, kwenye kibanda nyuma ya nyumba ya bwana wake. Akiwa kijana alipelekwa Charleston kufanya kazi ya ujira, na ujira ukaenda kwa bwana. Akafanya kazi hotelini, bandarini, mwisho melini. Vita vilipoanza alikuwa kwenye meli ya mvuke iitwayo Planter, iliyolihudumia jeshi la Kusini. Ilikuwa kazi ya rubani, lakini cheo cha rubani kilikuwa cha wazungu, kwa hiyo yeye aliitwa mshika usukani. Alfajiri ya tarehe 13 Mei 1862, maofisa wazungu wakiwa wamelala nchi kavu, Smalls na watumwa wenzake waliing'oa nanga, wakawapitia wake na watoto wao, na yeye akavaa kofia pana ya majani ya nahodha, akasimama mahali anaposimama nahodha, mikono kama yake. Kila ngome waliyoipita alipiga filimbi ya ishara inayotakiwa, hata Fort Sumter wakampa ruhusa. Walipotoka kwenye masafa ya mizinga wakatweka shuka jeupe, wakaikabidhi meli kwa wanamaji wa Kaskazini. Alikuwa na miaka 23, na kusoma alikuwa bado hajui.

Sijakusimulia kisa hiki kwa ajili ya utamu wake. Tazama alichokuwa nacho mtu huyu "asiyejua kitu": anaijua bahari na maji yake, anazijua ishara za jeshi, anajua kumsoma mtu kwa mbali, anajua nani wa kuaminiwa na nani atatoa siri, na anajua kupanga jambo la watu wengi ambalo likienda kombo wote wanakufa. Miaka sita baadaye alikuwa mjumbe kwenye mkutano wa katiba, na hoja aliyoisimamia ni kwamba jimbo liwe na shule za umma, za bure, na watoto wahudhurie kwa lazima. Kusoma alikuwa ameanza kujifunza mwaka 1864 mjini Philadelphia, Planter ilipokuwa kwenye matengenezo. Aliyenyimwa herufi mpaka akawa baba wa watoto hakuhitaji mtu wa kumweleza shule ni nini. Na kunyimwa huko hakukuwa bahati mbaya: sheria ya South Carolina ya 1834 ilifanya kosa kumfundisha mtumwa kusoma. Mzee wa kazini akikwambia baadhi yao hawakujua kusoma, mwambie ni kweli, kisha muulize nani aliandika sheria ile.

Wengine walipita jeshini. Karibu wanaume weusi 180,000 walivaa sare ya jeshi la Kaskazini, na jeshi ni shule: unajifunza taratibu, ripoti, kuongoza watu usiowazaa. Prince Rivers alikuwa mtumwa anayeendesha gari la farasi la bwana wake. Akatoroka, akawa sajenti katika kikosi cha kwanza cha weusi wa South Carolina, kisha mjumbe wa katiba, mbunge na hakimu. Wengine walikuwa wahunzi, maseremala, wahubiri. Mhubiri wa watumwa alikuwa mtu wa kusuluhisha ndoa, kugawa riziki ndogo, kupima maneno ili msimamizi wa shamba asiyashike. Charles Caldwell wa Mississippi, aliyekuja kuwa seneta wa jimbo lake, alikuwa mhunzi utumwani. Tangu 1867 palikuwa pia na vyama vya siasa vilivyokutana usiku makanisani na mashambani, mmoja anayejua kusoma akiwasomea wengine gazeti kwa sauti, kisha hoja zinajadiliwa kwa utaratibu wa mwenyekiti na katibu. Watu waliingia bungeni wakiwa tayari wamekaa vikao vingi.

Halafu kuna jambo ambalo wenye digrii hulisahau. Bunge ni mahali pa kusikiliza. Mswada husomwa mara tatu, na desturi hiyo ilianza zamani huko Uingereza wakati nakala zilikuwa chache na wabunge wasiosoma hawakuwa ajabu. Mtu aliyekulia katika mahubiri, aliyezoea kushika maneno kichwani kwa sababu karatasi ilikatazwa, hapotei katika chumba cha namna hiyo. Sisi tuliolelewa na mashairi ya kughani na kesi za barazani hatuna sababu ya kulishangaa hilo.

Na walitunga nini? Katiba ya 1868 iliondoa sharti la mali kwa mpiga kura na mgombea, ikakomesha kifungo cha deni, ikampa mke haki juu ya mali yake mwenyewe, ikaweka msingi wa shule za umma kwa jimbo zima. Ndoa za watumwa hazikuwa zimetambuliwa na sheria. Sasa waliokuwa wakitunga sheria za ndoa ni watu waliozaliwa katika ndoa zisizo na jina. Kati ya 1873 na 1877 hata chuo kikuu cha jimbo, hapo Columbia mnapoishi, kilipokea wanafunzi weusi. Wabaya wao walipolitwaa jimbo, shule za umma hawakuthubutu kuzifuta. Walizipunguzia fedha na kuzitenga kwa rangi, lakini zikabaki. Mtoto wako anasoma chini ya mti uliopandwa na watu wa kwenye ile picha.

Wizi ulikuwepo, mama. Usimfiche kijana. Bunge lile lilipitisha malipo ya ovyo, hati fungani za reli zilitolewa kwa rushwa, na siku moja baraza lilimpigia kura spika wake bakshishi ya dola 1,000 baada ya kupoteza kiasi hicho kwenye dau la mbio za farasi. Spika huyo, Franklin Moses, alikuwa mzungu wa familia yenye jina South Carolina, na baadaye akawa gavana. Walioneemeka na fedha kubwa za reli wengi wao walikuwa wazungu wa vyama vyote viwili. Miaka hiyo hiyo genge la Tweed, wanasiasa wazungu, lilikuwa likiikamua New York, na hakuna aliyesema wazungu wa New York wanyang'anywe kura. Smalls mwenyewe alitiwa hatiani mwaka 1877 kwa rushwa ya dola 5,000, katika mahakama ya wapinzani wake waliokuwa wametoka tu kushika madaraka, na gavana wa upande huo huo akamsamehe mwaka 1879. Mimi naiona kesi ile kama ya kisiasa.

Kelele za "kufilisiwa" zilikuwa na chanzo kingine kisichotajwa sana. Kabla ya vita ardhi ilitozwa kodi kidogo mno na huduma za umma zilikuwa chache. Ukitaka shule kwa watoto wote, hospitali ya wagonjwa wa akili, barabara, lazima kodi ipande, na sasa ilimwangukia mwenye shamba. Aliyelipa alikuwa mzungu mwenye ardhi, na aliyepitisha kodi alikuwa mtu aliyewahi kumlimia bure. Ongeza hapo nchi iliyochomwa na vita. Uchungu wake unaeleweka, lakini usiuchanganye na wizi.

Kwa upande wangu, waliposhindwa zaidi ni kwenye ardhi. Walioachwa huru walitaka mashamba kuliko kitu kingine chochote. Jimbo liliunda tume mwaka 1869 ya kununua ardhi na kuwauzia kwa mkopo, na kijiji kimoja kilichotokana nayo, Promised Land, kipo hadi leo. Lakini tume ile iliendeshwa vibaya, ardhi nyingine ilinunuliwa kwa bei ya kulipana fadhila, na wabunge wengi, hasa waliozaliwa huru na wenye mali, hawakutaka kabisa kugusa mashamba ya mabwana. Mpiga kura asiye na shamba hufukuzwa kazi siku ya pili baada ya uchaguzi. Hilo liliwagharimu.

Habari ya vibaraka na ya "wenyeji wakawaondoa" nitazijibu pamoja. Septemba 1868, bunge la Georgia liliwafukuza wabunge wake weusi kwa hoja kwamba katiba imewapa kura lakini haikusema wanaweza kushika madaraka, na wazungu kadhaa wa chama chao wenyewe, Republican, wakaunga mkono. Kibaraka hafukuzwi na mwenye kamba. Bunge la Marekani ndilo lililowarudisha mwaka 1870. Mmoja wa wabunge wa Georgia, Abram Colby, aliyewahi kuwa mtumwa, aliahidiwa dola 5,000 ahamie upande wa pili, wa Democrat, au 2,500 ajiuzulu tu. Akakataa. Usiku mmoja wa Oktoba 1869 watu wa Ku Klux Klan, kundi la siri la wazungu lililowatisha na kuwaua weusi, walimtoa kitandani, wakampeleka porini na kumchapa kwa saa kadhaa mpaka wakadhani amekufa. Katikati ya kipigo wakamuuliza kama atakipigia tena kura chama chake cha Republican. Aliwaambia hatawadanganya: uchaguzi ukiwa kesho, atakipigia. Aliyasema haya kwa kiapo mbele ya kamati ya Bunge la Marekani mwaka 1871, akaongeza kwamba kati ya waliomchapa alimtambua mwanasheria mmoja na daktari mmoja.

Hakuwa peke yake. Kati ya wajumbe weusi wa mikutano ya katiba ya 1867 na 1868 kote Kusini, angalau mmoja katika kila kumi alifanyiwa ukatili, na saba waliuawa. Caldwell, yule mhunzi, alipigwa risasi mjini kwao Clinton mwishoni mwa Desemba 1875. Julai 1876, huko Hamburg, South Carolina, ambako Prince Rivers alikuwa hakimu, askari weusi wa mgambo wa jimbo walizingirwa na baadhi yao kuuawa baada ya kukamatwa. Ben Tillman alikuwa miongoni mwa wauaji na alijisifia hadharani hadi akawa gavana na seneta. Sanamu yake ipo nje ya bunge hapo mjini kwenu. Pengine mmepita mbele yake. Mwaka 1877 serikali ya Washington ikawaondoa askari wake, na mwaka 1882 jimbo likaweka masanduku manane ya kura, kila nafasi na sanduku lake, ili asiyesoma akosee. Mwaka 1895 katiba mpya ikamaliza kazi. Mbunge mweusi wa mwisho wa South Carolina aliondoka 1902, na waliofuata hawakuchaguliwa mpaka 1970. Prince Rivers alimaliza maisha yake akiendesha gari la farasi, kazi ile ile aliyoifanya utumwani.

Sasa utafanyaje? Na mzee wa kazini, mimi nisingebishana. Ni mtu mwema umesema, na ubishi wa saa ya chai haumbadilishi mtu aliyefundishwa hivyo akiwa mtoto. Unaweza kumwambia tu kuwa umesoma mengine, ukaacha mlango wazi. Lakini ikiwa maneno ya namna hiyo yanatoka kwa mwalimu au wanafunzi, na kijana anarudi amenyamaza, hapo jibu langu halitoshi. Nenda shuleni wewe mwenyewe, kaa na mwalimu wake wa historia uso kwa uso, na ikibidi uonane na mshauri wa wanafunzi. Kama kazi yake inataka ushahidi wa asili, jimbo lina idara yake ya nyaraka hapo hapo Columbia. Wapelekeeni swali watunza nyaraka. Hiyo ndiyo kazi yao, na watamwonyesha kijana majarida ya bunge lenyewe kuliko kunisikiliza mimi.

Na mkipata Jumamosi, nendeni Beaufort. Ni mwendo wa saa mbili na nusu hivi kwa gari, na pana hifadhi ya taifa ya kipindi cha Ujenzi Mpya. Nyumba ya bwana wake Smalls bado imesimama. Aliinunua yeye, kwenye mnada wa kodi wakati wa vita. Mtaitazama kutoka barabarani. Kisha mwendeni kaburini kwake, kwenye uwanja wa kanisa la Tabernacle Baptist. Mwaka 1895 alikuwa mmoja wa wajumbe weusi sita tu katika mkutano ulioitishwa ili kuwanyang'anya watu wake kura, akasimama akazungumza akijua atashindwa. Maneno aliyosema siku ile, kwamba watu wake hawahitaji utetezi wa pekee ila nafasi sawa, yamechongwa pale kwenye jiwe. Mwache kijana ayasome mwenyewe, kwa sauti.